Nyumba Bila Baraza: Usasa wa Ujenzi kutoka Frankfurt hadi Michenzani

Neno baraza katika Kiswahili lina maana mbili zilizoshikamana. Kwanza, ni sehemu iliyoinuliwa mbele ya nyumba ambapo watu hukaa kuzungumza, kupokea wageni na kuamkiana na wapitao njia. Pili, ni chombo cha mashauri, kama vile baraza la wazee, baraza la mawaziri au Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa nchini Tanzania mwaka 1967. Kitenzi kubarizi huziunganisha maana hizo. Lugha yenyewe, kwa hiyo, inashuhudia kwamba kwa Waswahili sehemu ya nyumba ni sehemu ya utawala wa jamii. Kutokana na ushahidi huo linazuka swali la kihistoria: ni nini hutokea pale nadharia ya nyumba iliyozaliwa kwingine inapokutana na nyumba ambayo kila sehemu yake ina jina, kazi na adabu zake?

Nadharia inayohusika hapa ni ile ya usasa katika usanifu wa majengo. Usasa huo ulishika kasi Ulaya baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1919 Walter Gropius alianzisha shule ya Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani, kwa nia ya kuunganisha sanaa, ufundi na, baadaye, uzalishaji wa viwandani. Mwaka 1923 Le Corbusier aliieleza nyumba kuwa ni mashine ya kuishi. Kauli hiyo haikuwa mzaha. Miji ya viwanda ilikuwa imejaa familia zilizobanana katika vyumba vya giza, na kifua kikuu kilikuwa tishio la kila siku. Wasanifu wa usasa waliamini kwamba mwanga, hewa na usafi vinaweza kupimwa, kuhesabiwa na kugawiwa kwa haki, mradi nyumba zijengwe kwa vipimo vya namna moja na kwa gharama nafuu.

Imani hiyo ilitekelezwa kwa upana mjini Frankfurt, ambako kati ya 1925 na 1930 Ernst May alisimamia ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko maalumu kwa ajili ya nyumba hizo. Alichunguza hatua anazopiga mpishi na kuyatazama majiko ya mabehewa ya treni, kisha akapanga kila kitu kiwe karibu na mkono. Mwaka 1929 kongamano la pili la kimataifa la wasanifu wa usasa lilifanyika mjini humo, likajadili kiwango cha chini kabisa cha nafasi anachohitaji binadamu ili aishi vyema.

Nguvu ya nadharia hii ilikuwa ni usawa, na udhaifu wake ulikuwa papo hapo. Ili nyumba zilingane, ilibidi kwanza ichukuliwe kwamba watu wote huishi kwa namna moja. Jiko la Frankfurt lilikadiria mwanamke mmoja, akipika peke yake. Katika nyumba nyingi za Waswahili mapishi yalikuwa shughuli ya uani: mmoja anakuna nazi juu ya mbuzi, mwingine anatwanga, watoto wako miguuni, jirani ameingia kwa mlango wa nyuma. Huwezi kuupima upishi wa aina hiyo kwa kuhesabu hatua, kwa sababu sehemu kubwa ya faida yake ni mazungumzo.

Usasa wa Kijerumani ulifika Afrika Mashariki kwa njia mbili tofauti. Njia ya kwanza ni ya uhamishoni. May aliondoka Frankfurt mwaka 1930 kwenda kupanga miji ya Urusi ya Kisovieti. Baada ya Wanazi kutwaa madaraka mwaka 1933 hakuweza kurudi kwao, hivyo akahamia Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi. Katika miaka ya 1940 aliandaa mpango wa kuupanua mji wa Kampala na kubuni nyumba za vipande vya zege kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Mjini Moshi alisanifu jengo la chama cha ushirika cha KNCU, na Mombasa hoteli ya Oceanic. Hata hivyo, mpango wa Kampala uliukubali mgawanyo wa makazi kwa misingi ya rangi. Kipimo kilichokusudiwa kuwasawazisha wafanyakazi wa Frankfurt kilitumika, chini ya ukoloni, kupanga madaraja ya wakaazi.

Njia ya pili ni ya kidola. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilijenga uhusiano wa karibu na Ujerumani ya Mashariki, ambayo tangu katikati ya miaka ya 1950 ilikuwa imeelekea kwenye ujenzi wa nyumba kwa mbinu za viwandani. Wataalamu wake walishiriki kujenga nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani, na mwaka 1968 Hubert Scholz alitayarisha mpango mpya wa mji. Kiini cha mpango huo kilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji ambao wakati wa ukoloni ulihesabiwa kuwa wa wanyonge, ukilinganishwa na Mji Mkongwe wa majumba ya mawe. Barabara pana zilikatizwa na majengo marefu ya Michenzani yakaanza kupanda chini ya uongozi wa Rais Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972. Ujenzi uliendelea baada yake, ingawa ni sehemu ndogo tu ya nyumba zilizokusudiwa iliyokamilika.

Nyumba zilizobomolewa kupisha majengo hayo zilikuwa na mpangilio unaojulikana: baraza mbele, ukumbi katikati wenye vyumba pande mbili, na ua nyuma. Mgeni hupimwa kwa umbali anaoruhusiwa kuingia. Wa barazani si wa ukumbini, na wa ukumbini si wa uani. Katika fleti ngazi hizo zote zimefupishwa kuwa mlango mmoja. Hata penye roshani, aliyekaa juu huwaona wapitao bila ya kuamkiana nao. Kuna kinaya katika historia hii: Baraza la Mapinduzi lilijenga nyumba zisizo na baraza.

Si haki, hata hivyo, kuishia kwenye lawama. Kwa familia iliyotoka katika nyumba ya udongo na makuti, umeme, maji ya bomba na choo cha ndani havikuwa mapambo. Vilikuwa uthibitisho kwamba mtu wa Ng'ambo anastahili alichostahili mtu wa Mji Mkongwe. Kosa halikuwa kutaka usawa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba usawa unaweza kuchorwa bila ya kuwauliza watakaoishi ndani ya mchoro.

Jibu la wakaazi limehifadhiwa katika lugha. Neno maskani, ambalo kwa kawaida humaanisha makaazi, Zanzibar limepata maana ya mahali pa nje wanapokutana watu kuzungumza na kujadili siasa. Mojawapo ya maskani mashuhuri ni ile ya Kisonge, iliyopo Michenzani penyewe, iliyojulikana sana kwa ubao wake wa matangazo baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Haidaiwi hapa kwamba fleti ndizo zilizozaa maana hiyo mpya, kwani maskani zipo pia katika mitaa isiyo na ghorofa. Linalodhihirika ni kwamba chini ya majengo yaliyosanifiwa bila ya baraza, watu walijiwekea baraza, na wakalipa jina la nyumba. Mwanafunzi wa historia ya usanifu anayetaka kujua nadharia ya Frankfurt iliishia wapi hana budi kusoma ramani na kamusi kwa pamoja.