Kisichotambulika au Kisichotambuliwa?

Mpwa wangu aligonga dirisha saa kumi na moja alfajiri. "Mjomba, toka haraka, kuna treni inapita angani!" Nilitoka na shuka begani. Kweli, nukta za mwanga zilikuwa zikichomoza gizani moja moja, zimefuatana kama shanga kwenye uzi, hazimetameti, hazina sauti, zikaelekea kaskazini-mashariki. Kabla chai haijachemka kijana alikwisha kuirusha picha kwenye kundi la ukoo: "Vitu visivyotambulika vyaonekana Tanga."

Picha haikuwa mbaya. Kilichonikera ni kitenzi.

Mlango usiofunguka na mlango usiofunguliwa ni milango miwili. Wa kwanza umekwama, na hata ukimwita fundi huenda ukamshinda. Wa pili ni mzima, ila hakuna aliyeshika kitasa. Ndivyo ilivyo kwa mwandiko usiosomeka na barua isiyosomwa. Ile -k- inasema habari za kitu chenyewe, kwamba hakina uwezekano huo. Ile -w- inaelekeza kidole kwa mtu ambaye hajafanya kazi yake. Basi "kitu kisichotambulika" ni kitu ambacho hata wakikutanishwa wanafalaki wa dunia nzima hawatakijua. Herufi tatu za Kiingereza, UFO (unidentified flying object), ambazo tunadhani tunazitafsiri, hazidai makubwa hayo. Zinasema tu kwamba aliyekiona, au aliyepokea taarifa, bado hajajua ni nini.

Kabla ya herufi hizo kulikuwa na visahani. Tarehe 24 Juni 1947, rubani Mmarekani Kenneth Arnold alikuwa angani karibu na Mlima Rainier, jimbo la Washington, alipoona vitu tisa vinavyong'aa vikienda kwa kasi. Alieleza baadaye kwamba mwendo wake ulifanana na kisahani kilichorushwa juu ya maji kikawa kinadundadunda. Magazeti yalichukua kisahani yakaacha mwendo, na tangu hapo watu wakaanza kuona visahani. Kwa bahati tu, sisi tuliosema "visahani virukavyo" tulimkaribia Arnold kuliko magazeti ya kwao, maana kuruka kwetu ni kwa ndege na ni kwa chura pia.

Jeshi la anga la Marekani lilihitaji jina lisilobeba umbo lolote. Kapteni Edward Ruppelt, aliyeongoza mradi wa uchunguzi ulioitwa Blue Book, ndiye anayetajwa kuwa mwenye kuzieneza herufi hizo. Mradi ulianza mwaka 1952 ukafungwa 1969. Taarifa zilizohesabiwa tangu 1947 ni 12,618, na zilizobaki bila jibu ni 701. Hesabu hiyo peke yake inaikataa ile -k-: vitu vingi mno vilitambuliwa. Jina lilikuwa la muda, kama karatasi ya "mgonjwa hajaonwa" mlangoni kwa daktari.

Na wanaotutisha usiku angani si wengi, ni walewale wanaorudi. Zuhura, ile sayari, ndiye sugu wao. Akiwa chini karibu na upeo, hewa humfanya awake rangi rangi, na ukiwa ndani ya basi utaapa kwamba anakufuata. Lakini Zuhura hatengani sana na jua: huonekana kwa muda wa saa tatu hivi baada ya magharibi, au kabla ya macheo. Huku kwetu, anayekuambia amemwona utosini saa sita usiku amwulize Mshtarii, sayari nyingine. Ndege ya abiria ina taa nyekundu bawa la kushoto, ya kijani bawa la kulia, na nyeupe zinazopiga kope. Ikija moja kwa moja upande wako, taa zake za kutua husimama angani dakika kadhaa kana kwamba hazisogei. Kimondo hakikai. Ni sekunde moja, mbili, kwisha. Wazee wa pwani walitwambia ni moto wanaotupiwa mashetani, na kwa kasi ile sijui nani angebishana nao.

Setilaiti ndizo ngeni, nazo ndizo zilizomtoa mpwa wangu kitandani. Setilaiti haina taa ya kutuonyesha njia. Tunachoona ni jua linaloakisiwa. Alfajiri sisi tungali kivulini mwa dunia, yenyewe huko juu imekwisha kuingia kwenye jua, na ndiyo maana zile shanga "zilichomoza" katikati ya anga badala ya kutokea upeoni. Kituo cha kimataifa cha anga huzunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kwenye kimo cha kilomita 400, na hukatiza anga lako kwa dakika tano kama taa moja isiyopepesa. Misururu ilikuja na Starlink, mtandao wa setilaiti za intaneti: setilaiti 60 zilirushwa kwa mkupuo mmoja Mei 2019, na siku za mwanzo husafiri zikiwa zimeandamana kabla ya kutawanyika.

Majirani zetu wa Makueni, Kenya, walipata kilicho kizito zaidi ya mwanga. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba inaonekana ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Ilitambuliwa ni ya aina gani kabla ya kujulikana ni ya nani, na hizo ni kazi mbili.

Sasa istilahi. "Kitu" chenyewe kina walakini, kwa sababu Zuhura akiwa ukunguni si kitu kirukacho. Wamarekani wameliona hilo: jopo la NASA lililotoa ripoti Septemba 2023 lilitumia herufi UAP (unidentified anomalous phenomena), na "kitu" kimepisha neno pana linaloweza kubeba hata mwanga mtupu. Ningependa tuseme "mwanga usiotambuliwa." Najua watakaocheka, kwa kuwa mwanga wa usiku kwetu ni pia yule mchawi anayewanga. Sarufi imekwisha kutuokoa: mchawi ni mwanga asiyetambuliwa, na kwa huyo mwiteni mganga. Panapohitajika urefu, "mwanga ambao haujatambuliwa" ni bora zaidi, kwa sababu lile -ja- linaacha mlango wazi.

Wahariri wa magazeti na redio, nawaombeni mbadilishe herufi moja tu, -k- iwe -w-. Nanyi mnaopiga picha, andikeni chini yake saa, upande wa anga na muda ambao mwanga ulionekana. Mambo hayo matatu yanatosha kupata majibu mengi. Mpwa wangu amekwisha kuifuta ile -k-. Picha ameiacha.