Mwembe wa msafara unalindwa na sheria gani?

Asili ya mwembe ni Asia ya Kusini. Ulifika pwani yetu kwa biashara ya Bahari ya Hindi, na katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ikaueneza bara, njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji. Kwa hiyo miembe mikongwe ya Itetemia na Kwihara ni ushahidi. Inaonyesha walikopita watu, wakiwemo waliofungwa minyororo, ambao wengi wao hawakuacha maandishi yoyote.

Sasa, nani anailinda? Wajerumani walitunga sheria ya misitu mwaka 1904, Waingereza 1921, na sisi tuna Sheria ya Misitu ya 2002. Zote zinatazama zaidi msitu na mbao: mninga au mpingo wa porini ukikatwa bila kibali, kosa liko wazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nayo inatazama zaidi majengo na vitu. Mwembe wa kupandwa unabaki katikati. Mwaka 2006 njia hii iliingia kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ila orodha peke yake haizuii shoka.

Hivyo ukiona mwembe mkongwe unakatwa, uliza kibali. Mpe taarifa mtendaji wa kata au ofisa misitu wa halmashauri mapema, ukitaja mahali na kuonyesha picha. Gogo likishapakiwa kwenye lori, basi tena. Mche mpya tutapanda, sawa, lakini hautatuonyesha msafara ulipita wapi.