Mchagua Jembe: Historia Fupi ya Kihariri na Mkono wa Mwandishi

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii aghalabu hutumiwa kumsuta mtu anayekagua vyombo huku shamba lake likiota magugu. Katika makala hii tunakusudia kuitia methali hiyo katika mizani kwa kutazama historia ya chombo kimoja, yaani kihariri. Kwa jina hilo tuna maana ya programu ambayo kwayo maandishi huingizwa katika kompyuta, yakasahihishwa na kuhifadhiwa. Lugha yenyewe imetupa njia nyepesi ya kutofautisha: mhariri ni mtu, kihariri ni kifaa, kama vile mzibaji alivyo mtu na kizibo kikawa kitu. Chombo hiki hutumiwa na waundaji wa programu na watunzi wa nathari vilevile. Swali letu ni moja: ni nani apasaye kuamua sura yake, aliyekiunda au anayekitumia?

Kutoka karatasi hadi kiwambo

Mwaka 1969 Ken Thompson, aliyekuwa mtafiti wa Bell Labs huko Marekani, aliunda kihariri kilichoitwa ed. Zama hizo watumiaji wengi hawakuwa na kiwambo. Walikuwa na mtambo wa taipu uliounganishwa na kompyuta, nao ulipiga majibu juu ya karatasi. Kwa kuwa kila herufi iligharimu wakati, ed ilikuwa bahili wa maneno: mtumiaji alipokosea, ilimjibu kwa alama ya kuuliza tu. Mwandishi alihariri matini asiyoiona, akiishika kichwani mstari kwa mstari.

Viwambo vilipoenea, hali ilibadilika. George Coulouris wa Queen Mary College, London, aliitengeneza upya ed ili iwafae wanadamu wa kawaida, na mwaka 1976 kazi yake ilionekana na Bill Joy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Kutokana na mbegu hiyo Joy aliunda vi, kihariri kilichosambazwa kwa jina hilo mwaka 1979. Joy alitumia kiwambo cha ADM-3A, ambacho mishale yake ilichorwa juu ya vitufe vya H, J, K na L. Hadi leo watumiaji wa vi husogea ndani ya matini kwa vitufe hivyo vinne, ingawa wengi wao hawajakiona kiwambo hicho. Isitoshe, alifanya kazi kupitia waya wa simu uliopitisha takriban herufi 30 kwa sekunde. Ndiyo sababu amri za vi ni herufi moja moja, na kitufe kile kile huandika katika hali moja na kuamuru katika hali nyingine. Larry Tesler, aliyekuwa Xerox PARC miaka ya 1970, aliupinga vikali mtindo huo wa hali mbili, akishikilia kwamba kitufe kinapaswa kuwa na maana moja daima.

Tunachojifunza hapa ni kwamba sura ya chombo haikushuka kutoka mbinguni. Imetokana na mashine fulani na waya fulani wa simu. Mtumiaji anayeikubali bila kuuliza amerithi dhiki za mtu mwingine.

Makatibu waliojifunza bila kuogopa

Mwaka huo huo wa 1976, katika maabara ya akili bandia ya MIT, Richard Stallman na Guy Steele walikusanya amri ambazo watumiaji mbalimbali walikuwa wamejitungia juu ya kihariri cha TECO. Mkusanyo huo uliitwa Emacs. Msingi wake ulikuwa kwamba mtumiaji ana haki ya kukibadilisha chombo akiwa ndani yake, pasipo kumngojea fundi. Katika toleo la GNU Emacs, lililotolewa mwaka 1985, haki hiyo iliwekwa wazi kwa lugha kamili ya Lisp.

Kuna kisa ambacho Stallman mwenyewe amekisimulia, na ambacho sisi walimu wa lugha hatuna budi kukizingatia. Bernard Greenberg alikuwa ameandika Emacs nyingine kwa ajili ya mfumo wa Multics. Makatibu wa ofisi yake walianza kuirekebisha ili ifuate kazi zao, wakiongozwa na kijitabu ambacho hakikutaja popote kwamba kufanya hivyo ni kuandika programu. Kwa kuwa hawakuambiwa kwamba jambo lile ni gumu, hawakuliogopa, wakalifanya. Yamkini kilichokuwa kikiwazuia watu wengi ni jina la kazi kuliko kazi yenyewe.

Kibaale

Tawi jingine la historia hii limetufikia Afrika Mashariki. Mwaka 1991 Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa Vim, iliyokuza vi kwa kuipa uwezo mwingi wa kurekebishwa. Mwaka 1994 Moolenaar alikuwa Kibaale, kusini mwa Uganda, akifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto, eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umewaacha wengi yatima. Baada ya hapo hakudai malipo kwa ajili ya Vim. Aliwaomba watumiaji wawasaidie watoto wa Uganda, na ombi hilo aliliweka katika ukurasa wa kwanza unaotokea programu inapofunguliwa. Moolenaar alifariki mwaka 2023.

Utulivu na kero

Wakati huo huo programu za ofisi zilizidi kujaa vitufe na vidirisha. Baadhi ya watunzi walirudi nyuma. George R. R. Martin ameeleza hadharani kwamba huandika riwaya zake kwa WordStar, programu ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1978, kwa sababu haimsahihishi asipoomba kusahihishwa. Mwaka 2006 ilitokea WriteRoom, iliyofunika kiwambo kizima kwa weusi na kumwachia mwandishi maneno yake tu.

Mwandishi wa makala hii aliielewa haja hiyo alipokuwa ng'ambo akiandika tasnifu ya shahada ya pili. Kila neno la Kiswahili lilipigiwa mstari mwekundu, ukurasa ukaonekana kama daftari la mwanafunzi aliyeshindwa. Kosa halikuwa langu wala la lugha. Chombo kilikuwa kimeandaliwa kwa Kiingereza. Tena, programu hizo hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila idhini. Kwa mwandishi wa Kiingereza hilo ni pambo. Kwetu ritifaa ni sehemu ya sauti: inatenga ng'ombe na ngombe. Baadhi ya matini zangu zilikuwa na ritifaa ya namna moja na nyingine ya namna ya pili, hata nilipohesabu maneno, ng'ombe mmoja akahesabiwa kuwa maneno mawili. Dawa ilikuwa kuhamia katika kihariri chepesi na kuandika mistari michache ya maagizo: zima ukaguzi wa tahajia, acha ritifaa kama ilivyo, ondoa vidirisha, panua pambizo. Kazi hiyo ilinichukua jioni moja.

Hitimisho

Sharti tukiri kwamba methali ya wahenga ina ukweli wake. Niliwahi kupoteza majuma nikibadilisha rangi za kiwambo huku sura ya tatu ya tasnifu ikilala, na msimamizi wangu hakuulizia rangi. Hata hivyo, kuchagua jembe ni jambo moja na kulitia mpini ni jambo jingine. Mkulima aliyepewa jembe lenye mpini uliokatwa kwa kimo cha mtu mwingine ataumwa mgongo kila msimu, na huenda akadhani kwamba ni kilimo kinachomuumiza. Wanafunzi wetu wanaoiona lugha yao imepigiwa mistari myekundu wamo katika hatari ya kudhani vivyo hivyo. Inafaa basi tuwafundishe kukata mpini, kisha tuwahimize waingie shambani mapema.