Matthew Lyon, Mbunge Aliyechaguliwa Akiwa Gerezani

Matthew Lyon alizaliwa Ireland mwaka 1749. Alipofika Connecticut akiwa kijana wa miaka 15 hakuwa na nauli ya meli, hivyo alilipa kwa utumishi, na bwana wake wa kwanza akamhamishia kwa mwingine kwa jozi ya fahali. Mwaka 1774 alihamia milimani, nchi ambayo baadaye iliitwa Vermont, akajiunga na wanamgambo wa Ethan Allen. Alikuwemo Mei 1775 walipoiteka ngome ya Ticonderoga. Mwaka uliofuata kikosi chake kiliacha kituo, na Jenerali Gates akamfukuza. Lyon alirudi jeshini baadaye, lakini doa hilo halikumtoka.

Vita vya uhuru wa Marekani vilipokwisha alianzisha mji wa Fair Haven, akajenga vinu, kiwanda cha chuma na mtambo wa kuchapia. Aliingia baraza la Vermont, kisha mwaka 1797 Bunge la Marekani. Januari 1798 mbunge mwenzake Roger Griswold alimsimanga kwa habari za jeshini, Lyon akamtemea mate usoni. Wiki mbili baadaye Griswold alimvamia kwa bakora ndani ya ukumbi wa Bunge, naye Lyon akakimbilia koleo la mekoni.

Kosa lake kubwa, machoni pa serikali, lilikuwa kalamu. Aliandika kwamba Rais John Adams amelewa fahari na kupenda kusifiwa. Kwa sheria mpya ya uchochezi, Oktoba 1798 alihukumiwa kifungo cha miezi minne na faini ya dola 1,000. Walimfungia Vergennes, katika chumba chenye harufu mbaya na kisicho na moto, huku baridi ya Vermont ikikaribia. Akaendelea kuandika humo humo. Desemba wapiga kura walimrudisha bungeni kwa kura nyingi. Mimi sijui jibu zito zaidi ambalo wakulima wangeweza kuipa sheria ile.

Wapinzani walitaka afukuzwe bungeni. Kura 49 dhidi ya 45 hazikufika theluthi mbili zilizohitajika. Februari 1801, uchaguzi wa rais ulipokwama bungeni, mbunge mwenzake wa Vermont alijitoa kwenye kura, na kura ya Lyon ikaitia Vermont upande wa mgombea Thomas Jefferson.

Alihamia Kentucky, akawakilisha jimbo hilo tangu 1803 hadi 1811. Alifariki Arkansas mwaka 1822, akiwa wakala wa biashara ya serikali kwa Wacherokee. Mwaka 1840 Bunge liliwarudishia warithi wake faini pamoja na riba.