Bunduki za Bomba la Maji

Mwenye kupigana na adui aliyemzidi nguvu hana budi kujifunza kutumia vitu vya adui huyo. Mwaka 1943, katika Vita Vikuu vya Pili, Warusi walichukua vifaru walivyoteka kwa Wajerumani, wakaviondolea minara na kuvifunga mizinga yao wenyewe. Vifaru 200 hivi vikarudi vitani kuwapiga Wajerumani. Lakini Warusi walikuwa na viwanda. Je, asiye na kiwanda afanyeje? Jibu, ewe msomaji, limo katika historia ya Nairobi.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na mapanga, na bunduki chache mno. Ndipo mafundi wao, mjini na msituni, walipoanza kuunda zao. Bomba la maji lilikuwa kasiba. Tako lilichongwa kwa mti. Na komeo la mlango lilifungwa kwa vipande vya mpira wa gurudumu la gari. Komeo lilivutwa nyuma, kisha likaachiwa; mpira ukalirusha mbele, nalo likagonga fataki ya risasi.

Silaha hiyo ilikuwa dhaifu, na mara nyingine ilimpasukia mwenye kuishika. Tena risasi haikuundika kwa bomba: ilibidi iibwe, inunuliwe kwa siri, au itekwe. Kwa hiyo mpiganaji aliyekuwa na bunduki ya bomba alitamani sana bunduki ya adui. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kituo cha polisi cha Naivasha kilivamiwa; wafungwa zaidi ya 170 wakafunguliwa, na bunduki na risasi nyingi zikachukuliwa.

Serikali ilitambua kwamba silaha na chakula vilipitia Nairobi. Tarehe 24 Aprili 1954 askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipelekwa Lang'ata kuchujwa, na wengi wao wakaishia katika kambi za Mackinnon Road na Manyani.

Sheria nayo ilikuwa kali. Risasi moja tu mfukoni iliweza kumfikisha mtu kitanzini. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka ile, mamia yao kwa kosa la kuwa na silaha au risasi. Dedan Kimathi mwenyewe alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa kupatikana na bastola. Wala tusisahau kwamba wengi waliouawa katika vita vile, wa pande zote mbili, walikuwa Waafrika.

Sanamu ya Kimathi, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, imesimama katika mtaa wenye jina lake katikati ya Nairobi, na bunduki mkononi. Upitapo hapo, mwanafunzi, wakumbuke pia mafundi wasio na sanamu. Bomba na komeo ni vitu vya kila nyumba. Waliovigeuza silaha walijua kwamba huenda wangelipa kwa roho zao.