Bustani ya Chupa Darasani, Mombasa

Bustani ya chupa ni mimea midogo inayooteshwa ndani ya chombo cha kioo, na shuleni hutumika kuwaonyesha watoto jinsi maji, udongo na viumbe vinavyotegemeana. Asili yake ni sanduku la kioo la Nathaniel Ward, tabibu wa London, aliyeona mwaka 1829 kangaga likimea ndani ya chupa iliyozibwa.

Katika Kisiwa cha Mombasa bustani hii inaufaa hasa Mji wa Kale, ambako nyumba zimebanana na nafasi ya shamba la shule ni haba. Mtungi wa achari uliooshwa vizuri unatosha. Chini huwekwa kokoto, juu yake makaa yaliyopondwa, kisha udongo wenye mboji. Mchanga wa ufuoni haufai kwa sababu ya chumvi, na maji ya visima vya kisiwani mara nyingi ni ya chumvichumvi. Maji ya mvua ndiyo bora. Mtungi usiwekwe juani, kwani joto hunaswa ndani na mimea huungua. Kivulini, mvuke hugeuka matone kwenye kioo na kudondoka, na mtoto huiona mvua ikizaliwa mbele ya macho yake. Hakuna mchoro wa ubaoni unaofikia hapo.

Jongoo akitiwa kwa siku chache hufundisha uozaji. Mfano mkubwa wa somo hilo uko Bamburi, kaskazini mwa kisiwa: kuanzia 1971 René Haller alipanda mivinje katika machimbo ya kiwanda cha saruji, na majani yaliyoanguka hayakuwa mboji mpaka majongoo walipoletwa. Mahali hapo leo panaitwa Haller Park.