Amiri Usama bin Munqidh (488–584 H): Maisha na Mazingatio

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Ahli zake na Masahaba zake.

Kuzaliwa na malezi

Ni Usama bin Murshid, wa ukoo wa Banu Munqidh, Waarabu wa Kinana waliomiliki ngome ya Shayzar, ukingoni mwa mto Asi huko Sham. Alizaliwa tarehe 27 Jumada al-Akhira 488 H (1095 M), miaka michache kabla ya Wafaranja kuiteka Baytul-Maqdis. Baba yake aliuacha utawala kwa nduguye mdogo, Sultan, akajishughulisha na kuwinda na kunakili Qur-ani. Aliandika kwa mkono wake misahafu zaidi ya 40.

Kutolewa kwao

Ami yake Sultan alikaa muda mrefu bila ya mtoto wa kiume, akampenda Usama kama mwanawe. Alipopata watoto wake, mapenzi yakageuka. Usama anasimulia kuwa aliua simba akakileta kichwa chake mjini. Bibi yake akamwendea usiku, kwa hasira, akamuonya kuwa ushujaa ule unamuweka mbali na ami yake. Ikawa hivyo: mwaka 1138, baada ya baba kufariki, Usama na nduguze walitolewa Shayzar.

Misri na vitabu vyake

Alihudumu Damascus, kisha Misri kwa Wafatimi (1144–1154). Huko waziri Ibn al-Sallar na khalifa al-Zafir waliuawa katika fitna za kasri. Ibn al-Athir anamtia Usama lawamani, na yeye katika maandishi yake anajitoa. Sisi hatumtakasi mtu, na siri za nyoyo anazijua Allah.

Ahli zake walipotoka Misri kwa bahari, wakiwa na amani ya mfalme Baldwin III, chombo chao kilivunjwa karibu na Akka, wakaporwa. Watu walisalimika, lakini vitabu 4,000 vilipotea, na uchungu wake haukumtoka maishani.

Zilzala ya Shayzar

Mwaka 552 H (1157 M) zilzala iliiangusha ngome, na watawala wake wakafia ndani wakiwa wamekusanyika kwa sherehe ya kutahiri. Usama alinusurika kwa sababu alikuwa ameshafukuzwa. Aliwalilia jamaa zake katika kitabu chake *al-Manazil wad-Diyar*. Uzeeni alipokelewa Damascus na Salahuddin, akaandika *Kitab al-I'tibar*, na akafariki Ramadhani 584 H (1188 M).

Mazingatio

Nyumba iliyomfukuza ndiyo ingekuwa kaburi lake. Kwa hiyo anayetolewa katika haki yake na jamaa zake asikate tamaa, na anayemtoa ndugu kwa ajili ya mali asijione ameshinda. Kukata udugu ni dhambi kubwa, na ajali iko mkononi mwa Allah.

Allah amrehemu, na aziunganishe nyoyo za jamaa zetu. Amin.

Wallahu a'lam.